Mistari Miwili na Muhuri

Tarehe ishirini Novemba, ile benki ya karibu na daraja la Nakasu, mtaa wa baa, ilifurika watu. Fukuoka yetu ndivyo ilivyo: siku zinazoishia na tano au sifuri ndizo siku za kulipana, kwa hiyo mwenye duka, mwenye baa na mwenye gari la mizigo wote wanaikumbuka benki siku moja. Watu walikaa na vikaratasi vya namba mkononi, macho kwenye kioo cha juu, kila mmoja akimchukia aliyemtangulia.

Mtu mmoja tu ndiye hakuwa na haraka. Huyo alikuwa Kaname Ushijima, muuza barafu, miaka arobaini na minne. Alivaa buti nyeupe za mpira, koti la buluu lililopauka mabegani, na taulo shingoni. Wenzake walikuja pale kutafuta joto, yeye aliingia na ubaridi wake mwenyewe, hata bibi aliyekaa karibu naye akasogea kiti kimoja.

"Namba sabini na mbili, dirisha la kwanza."

Ilikuwa namba yake. Kaname akamgeukia bibi. "Bibi, una namba ngapi?"

"Sabini na tano."

"Chukua hii yangu, nipe hiyo. Mimi sina haraka."

Bibi akaikagua ile namba mbele na nyuma, akatafuta ujanja, hakuuona, akaondoka nayo. Ujanja ulikuwepo, ila haukumhusu yeye. Mwaka mzima na ushee Kaname alikuwa akibadilishana namba na watu mpaka apate ile itakayoangukia dirisha la tatu, na kwenye dirisha la tatu alikaa Chizuru Hatanaka.

Chizuru alikuwa na miaka arobaini na moja. Sare ya buluu iliyokoza, skafu ndogo ya rangi ya chungwa iliyofungwa fundo upande wa kushoto, nywele zimebanwa nyuma bila hata unywele mmoja kutoroka, na kidoti chini ya jicho la kulia. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu asiyependa kurudia. Kaname alikuwa tayari kujifanya kiziwi ili arudiwe.

"Namba sabini na tano, dirisha la tatu. Karibu, Bwana Ushijima. Barafu inaendaje?"

"Inayeyuka."

Jibu hilo alilitunga tangu Jumatatu. Chizuru akatabasamu kidogo, na Kaname akaona kazi yake haikwenda bure. Kisha akasukuma bahasha nene juu ya kaunta.

"Leo nataka kutuma pesa. Yeni laki sita."

Chizuru akasoma jina la mpokeaji. Lilikuwa la mwanamume mmoja asiyejulikana, akaunti ya huko Saitama. Tabasamu likarudi lilikotoka. "Huyu unamfahamu?"

Hapa inabidi nieleze mimi, maana Kaname mwenyewe hakueleza, na ndipo mambo yote yalipoharibikia. Pesa hazikuwa zake. Zilikuwa za Mama Tamae, mjane wa miaka sabini na miwili, mwenye kibaa cha viti tisa kwenye mtaa wa nyuma. Mama Tamae hufungua saa sita mchana na kufunga saa kumi na moja jioni, kwa sababu wateja wake ni wazee wanaolala mapema. Wanakuja kuimba nyimbo za ujana wao, wanakunywa pombe iliyochanganywa na maji ya moto, wanaitwa wapenzi, wanalipa, wanakwenda nyumbani wamechangamka. Sasa mwaka huo Mama Tamae naye akapata wake. Daktari Leonard, mpasuaji wa jeshi, mgane, macho ya kijani, walijuana kwenye simu. Alitaka kuja kuishi naye Fukuoka, ila mizigo yake ilikwama forodhani na ilihitaji laki sita tu. Goti la Mama lilikuwa linamuuma, akamtuma Kaname.

"Na ukimwambia mtu," Mama alimwonya, "hata mmoja, usiniletee barafu tena mpaka nife."

Muuza barafu wa Nakasu anaingia milango ya nyuma ya baa zote. Anaona nani analia jikoni na nani anajipaka unga usoni kuficha michubuko. Anayesema ya nyumba moja hapokelewi nyumba ya pili, na Kaname alijua hivyo tangu enzi za baba yake. Kwa hiyo alipoulizwa, akafunika.

"Namfahamu."

"Mmewahi kuonana?"

"Bado."

Chizuru akaweka kalamu chini, akatoa fomu ya njano kwenye droo. "Ni utaratibu tu, Bwana Ushijima. Naomba uijaze hapa mbele yangu."

Kaname akaanza na tarehe, akaandika Oktoba. Akaomba wino mweupe wa kufutia.

"Hatufuti," Chizuru akasema. "Unapiga mistari miwili juu ya kosa, unaandika iliyo sahihi pembeni, halafu unagonga muhuri wako hapo hapo. Kosa linabaki linaonekana, ila kila mtu anajua mwenyewe amelikubali."

Akapiga mistari miwili, akatoa muhuri wa jina lake, ambao kwetu ndio sahihi ya mtu, akagonga. Swali lililofuata: anayepokea ni nani kwako? Kaname akakwama. Akatazama huku na huku kama mwanafunzi aliyesahau kusoma, macho yakatua kwenye kalenda iliyotundikwa nyuma ya Chizuru, picha ya Novemba, majani mekundu ya mti wa kaede. Kaede ni jina la mwanamke pia. Akaandika: Kaede, mpenzi wangu.

"Mbona jina la akaunti ni la mwanamume?"

"Ni wakala wake."

"Na yeye mwenyewe yuko wapi?"

"Uturuki," Kaname akasema, hata yeye hakujua Uturuki imetoka wapi.

Chizuru akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini kuliko kawaida, "Bwana Ushijima, pole sana."

Askari akaitwa, kijana mpole, akamkalisha Kaname pembeni na kumsomea vipeperushi viwili kuhusu matapeli wa mapenzi. Kaname hakubisha. Yeye mwenyewe huyo Leonard hakumwamini hata punje. Akarudisha bahasha kwa Mama Tamae, akamwambia mashine za benki zimeharibika, avute subira mpaka mwezi ujao. Angeishia hapo, tusingekuwa na hadithi.

Kesho yake saa tisa na nusu, benki ikiwa imeshafunga, simu yake ikaita yupo ghalani anakata barafu.

"Ushijima, barafu."

"Ni Hatanaka, wa benki. Nimepiga kukujulia hali."

Kaname akaangusha msumeno.

"Kuna nini? Nimesikia kishindo."

"Hakuna kitu. Mguu wangu upo."

Upande wa pili kikatoka kicheko kifupi, kicheko ambacho mwaka mzima dirishani hakuwahi kukipata. Nadhani kicheko hicho ndicho kilichommaliza. Maana Chizuru akauliza, "Yule mwanamke bado mnawasiliana?" na Kaname alikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kusema, hakuna mwanamke, dada yangu, ilikuwa siri ya mtu. Asingehitaji hata kumtaja Mama. Badala yake akajua kwamba akisema hivyo simu itakatwa na kesho haitaita. Akasema, "Bado. Moyo ni mgumu."

"Basi sikiliza. Mwombe mpigiane kwa video. Akikataa, ujue. Halafu unijulishe."

"Nikujulishe saa ngapi?"

"Kesho, saa hizi hizi."

Kesho saa tisa na nusu simu iliita mara moja tu, akapokea.

"Amesema kamera yake imeangukia kwenye supu."

"Supu gani?"

"Ya miso."

"Yuko Uturuki, anakunywa supu ya miso?"

"Amekumbuka nyumbani."

"Bwana Ushijima," Chizuru akasema, na ilisikika wazi anajizuia kucheka, "huyo mwanamke wako hata kudanganya hajui."

"Kweli hajui," Kaname akakubali, na hilo angalau lilikuwa kweli tupu.

Hivyo ndivyo Kaede alivyoishi. Jumatatu alivunjika mkono, Jumatano ukapona. Siku nyingine alidai ni yatima, wiki iliyofuata mama yake akalazwa. Chizuru aliandika yote kwenye kijitabu, akimfundisha Kaname kushika makosa, na kila simu ilianza na Kaede na kuishia kwenye mambo mengine kabisa: bei ya kabichi, jirani anayepiga filimbi usiku, jinsi barafu nzuri inavyotakiwa igandishwe polepole siku mbili ili iwe angavu bila ukungu katikati.

"Unamaanisha ya friji yangu ni mbaya?"

"Ya friji yako ni ya kuwekea samaki."

"Basi siku moja uniletee ya watu."

Mwishoni mwa Novemba wakaanza kula pamoja mchana, kila Alhamisi, Chizuru akiwa na mapumziko ya saa tano na nusu. Walikwenda kwenye kile kiduka cha udon cha nyuma ya hekalu, zile tambi nene laini zinazoendelea kunyonya mchuzi mezani. Ukichelewa bakuli linajaa tambi tupu. Chizuru alikuja na koti la kijivu refu juu ya sare, skafu ya chungwa ameificha mfukoni ili asijulikane ni wa benki. Kaname alivua taulo, akanyoa, akanunua na koti jipya. Mama Tamae akamwona mlangoni, akauliza nani kafa.

Alhamisi ya tatu Chizuru hakuligusa bakuli lake.

"Nataka nikwambie jambo," akasema. "Kazini hawalijui. Nakwambia ili usijione wewe ndiye mjinga peke yako."

Akamweleza. Miaka mitatu nyuma, mama yake alipofariki, alianza kwenda kwenye klabu moja ya wale vijana wanaolipwa kukaa na wanawake na kuwafungulia shampeni. Mara ya kwanza alipelekwa na rafiki, mara ya pili akajipeleka. Kijana aliitwa Towa. Alimsikiliza. Alimtumia ujumbe kila asubuhi, umeamkaje malkia wangu. Siku ya kuzaliwa kwa Towa wakapanga mnara wa bilauri, shampeni ikamiminwa kutoka juu, na bili ikawa ya Chizuru. Kwa miezi kumi na mmoja alimaliza milioni nne na laki nane, akiba yake yote pamoja na ile ya mama yake. Siku alipomwambia zimekwisha, ujumbe wa asubuhi haukuja.

"Unajua kilichoniuma?" akasema. "Pesa ziliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikwenda pale mlangoni kumuuliza, akaniambia, samahani malkia, nikumbushe jina lako."

Kaname akaweka chini vijiti vyake vya kulia. Alijua hapo ndipo mahali pa kusema. Aliufungua mdomo.

"Chizuru, mimi..."

"Usiseme kitu. Muache tu yule mwanamke. Ukimuacha, nitajua aibu yangu imefaa kitu." Akacheka kidogo, akafuta jicho kwa kitambaa cha kufungia vijiti. "Kula, zimevimba."

Kaname akala. Mpaka leo anasema hakujua anakula nini.

Wenye akili watauliza kwa nini hakumpigia jioni ile. Alishika simu mara sita. Kila akishika anaona jinsi itakavyokuwa: mwanamke ameitoa siri yake nzito, amempa mtu ambaye ugonjwa wake ni wa kutunga. Akasema nitamwambia Alhamisi. Alhamisi haikumngoja.

Jumatatu tarehe kumi na tano Desemba, saa nne asubuhi, Mama Tamae akaingia benki na fimbo yake. Kimono cha zambarau chenye maua ya plamu, nywele zimepandishwa juu, midomo myekundu, ile bahasha kifuani. Watu wakampisha. Dirisha la tatu.

"Mwanangu, mashine zimepona?"

"Mashine zipi, Mama?"

"Si zilikuwa zimeharibika mwezi uliopita? Nilimtuma Kaname wa barafu aje anitumie hizi laki sita, akazirudisha." Akaweka karatasi yenye namba ya akaunti.

Chizuru akaiona Saitama. Akaliona lile jina la mwanamume. Akalisoma mara mbili. Lakini kazi ni kazi. Akatoa fomu ya njano, akauliza polepole kwa upole, kama anavyouliza siku zote.

"Huyu bwana mmewahi kuonana?"

"Karibu tutaonana."

"Anakuitaje?"

"Malkia wangu."

"Jina lako hajawahi kulitaja?"

Mama Tamae akaitazama ile fomu. Kisha akacheka, kicheko kikavu cha mtu aliyejigonga kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe.

"Mwanangu, mimi nina miaka arobaini na sita kaunta. Unajua kwa nini tunawaita wateja mpenzi, mpenzi? Ili tusichanganye majina. Asubuhi unatuma ujumbe mmoja kwa watu kumi na tano." Akaivuta bahasha, akairudisha kifuani. "Na mimi nimeuzwa kwa bidhaa ninayouza. Shenzi kabisa huyo daktari. Hata uongo wake ni wangu."

"Pole, Mama."

"Usinipe pole, nipe maji."

Chizuru akamletea maji. Akaliuliza swali lililokuwa likimchoma. "Na Kaname, yeye... ana mwanamke? Anaitwa Kaede?"

"Kaname?" Mama Tamae akashangaa. "Huyo ana msumeno tu. Kuna mwanamke mmoja wa benki anayemfanya anyoe kila Alhamisi, ila hamtaji jina, husema tu kidoti na dirisha la tatu." Halafu akamtazama Chizuru, akatazama kidoti chini ya jicho, akatazama namba ya dirisha. "Aa," akasema. "Nimefanya nini mimi?"

Saa tisa na nusu simu ya Kaname ikaita.

"Kaede hajambo?" Sauti ya Chizuru ilikuwa tulivu mno.

Kaname akajua. "Mama amekuja."

"Amekuja. Siri yake ulifunika, sawa, hilo naliheshimu. Siku ya kwanza. Siku ya pili je? Ya kumi? Kamera kwenye supu, nilicheka nikiwa peke yangu jikoni, kumbe wewe ndiye unayenichekesha na kunicheka."

"Sikukucheka. Nilitaka upige tena."

"Ungesema hivyo. Maneno matatu. Nataka upige tena. Ningepiga." Hapo sauti ikamkatika. "Towa alichukua milioni nne na laki nane. Wewe umechukua kile kidogo nilichokuwa nimebakiza, Kaname. Nilikwambia wewe tu."

Akakata. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita Kaname bila ubwana, na ilikuwa ya kumuaga.

Wiki ile nzima Kaname hakuonekana benki. Alikata barafu, alipeleka barafu, na Desemba ile Nakasu nzima ilipata barafu nzuri kuliko wakati wowote, maana mtu hakuwa na kingine cha kufanya. Nyumbani alikaa na simu mezani saa tisa na nusu mpaka saa kumi, akaona ajabu jinsi chumba kile alichokizoea miaka kumi na mitano kilivyokuwa kikubwa na kimya. Kule benki naye Chizuru alichana kurasa za Kaede kwenye kijitabu, akazikunja, akashindwa kuzitupa.

Mama Tamae ndiye aliyechoka. Jumatano, Kaname alipoleta mfuko wa barafu, alimzuia mlangoni kwa fimbo.

"Umepeleka maua?"

"Hapana."

"Afadhali. Ungepeleka maua ningekupiga. Mwanamke akishaongopewa, maua atayaona ni ya kampuni ile ile ya uongo. Uongo wako uliutolea wapi?"

"Benki."

"Basi ukweli upeleke hapo hapo, mbele za watu. Na jina langu litaje, nimekuruhusu. Jana nimewasimulia wazee wote habari za Leonard, wamecheka mpaka mmoja kang'oka meno ya bandia. Sijafunga duka."

Kesho yake ilikuwa Alhamisi, tarehe ishirini na tano. Siku ya malipo, mwisho wa mwaka, tena Krismasi ambayo kwetu ni siku ya wapenzi. Vijana walikuwa wamejaa daraja zima na maboksi ya keki. Ndani ya benki hapakuwa na pa kusimama. Kaname aliingia na buti zake, koti lake la zamani na taulo shingoni. Lile koti jipya alikuwa ameliacha nyumbani makusudi. Alibadilisha namba na watu wanne.

"Namba mia moja na nane, dirisha la tatu."

Chizuru alipomwona, uso haukucheza. "Karibu. Nikusaidie nini?"

"Mwezi uliopita nilijaza fomu ya njano. Nina makosa nataka kusahihisha."

"Fomu ile imeshawekwa kwenye kumbukumbu."

"Utaratibu unaruhusu mwenyewe kusahihisha. Nilimuuliza meneja wenu kwa simu. Alisema hajawahi kuulizwa, lakini unaruhusu."

Chizuru akasimama, akaenda nyuma, akakaa kule kitambo kirefu kuliko inavyochukua kutafuta karatasi. Akarudi nayo. Kaname akatoa rula mfukoni, na muhuri. Rula alikuja nayo ili mistari inyooke. Dada wa dirisha la pili aliacha kuhesabu noti. Mzee aliyekuwa nyuma ya Kaname akasogea kuchungulia, hakuna aliyemkataza.

Kaname akaandika polepole, akigonga muhuri kila mstari, akaigeuza fomu na kumsogezea. Chizuru akasoma.

Pesa ni za nani? Pale palipoandikwa zangu, mistari miwili, na pembeni: za Mama Tamae, amekubali nimtaje.

Anayepokea ni nani kwako? Kaede, mpenzi wangu, mistari miwili. Pembeni: hakuna Kaede, ninayempenda ni Chizuru Hatanaka.

Mmewahi kuonana? Bado, mistari miwili. Ndiyo. Mwaka mmoja na miezi miwili, kila tarehe ya tano na ya sifuri. Hakujua kwamba nabadilishana namba.

Amewahi kukuomba pesa? Ndiyo, mistari miwili. Hapana. Udon mara ya pili alilipa yeye.

Kuna aliyekuzuia kusema ukweli? Hapana, mistari miwili. Mimi mwenyewe. Niliogopa simu ya saa tisa na nusu isiite. Nilipata nilichotaka kwa kumwongopea mtu aliyekuwa ameshaongopewa. Samahani.

Mihuri mitano myekundu, Ushijima, Ushijima, Ushijima, na chini ya kila mmoja kosa lake linasomeka vizuri kabisa.

Chizuru alisoma mpaka mwisho, akarudi juu, akasoma tena. Kidole chake kikasimama kwenye mstari wa pili, pale lilipoandikwa jina lake lote, herufi kubwa za mtu asiyezoea kalamu. Masikio yalimwiva. Kisha akajikohoza, akakaa wima.

"Bwana Ushijima, umebadilisha jina la mhusika. Utaratibu unasema lazima tumpigie simu huyo mhusika, athibitishe kama anakufahamu."

"Nimeandika namba yake hapo chini."

"Nimeiona."

Akainua simu ya mezani, akabonyeza namba yake mwenyewe. Simu za wafanyakazi hufungiwa kwenye makabati saa za kazi. Ikaita huko nyuma mpaka ikachoka. Benki nzima ilitega sikio, hata kioo cha namba sijui kiliacha kulia au hakuna aliyekisikia.

"Hapatikani," Chizuru akasema. "Nitamwachia ujumbe." Akageukia simu, na sauti yake ikawa ya kiofisi kabisa. "Habari za mchana. Ni Hatanaka wa dirisha la tatu. Kuna mteja hapa, muuza barafu, anadai anakufahamu na amekukosea. Amesahihisha kwa mkono wake na amegonga mihuri. Naomba ukitoka kazini umpigie mwenyewe umwambie kama unamtambua. Asante."

Akaweka simu chini. "Ni hayo tu kwa leo. Utapigiwa, au hutapigiwa. Hilo liko nje ya uwezo wa benki."

"Nimeelewa," Kaname akasema. Akainama, akatoka. Yule mzee wa nyuma yake akafika dirishani, akasahau alichofuata.

Saa kumi na moja na nusu Chizuru alifungua kabati lake. Akavaa koti la kijivu. Skafu ya chungwa leo hakuificha. Akatoka nje kwenye baridi, taa za darajani zimewashwa, wapenzi na keki zao wanapishana naye, akasimama akausikiliza ujumbe wake mwenyewe toka mwanzo hadi mwisho. Akausikiliza mara ya pili.

Kaname alikuwa kwenye ngazi za kibaa cha Mama Tamae, simu mapajani. Mama alikuwa amefunga duka lakini hajaondoka. Alikuwa anafuta bilauri ile ile kwa robo saa. Simu ikaita.

"Ushijima, barafu."

"Nimepokea ujumbe kutoka benki," Chizuru akasema. "Wananiuliza kama nakufahamu."

"Utawajibu nini?"

"Nitawajibu namfahamu mmoja. Anavaa buti hata Krismasi. Anajua kugandisha maji siku mbili. Kudanganya hajui, kwa hiyo nimemshauri asijaribu tena. Ukijaribu tena, Kaname, hata mara moja, hata uongo wa supu, sitapokea simu yako maisha yangu yote. Nasema kweli."

"Najua unasema kweli." Kaname alikuwa analia na hakujali. "Chizuru. Nataka upige tena kesho."

Upande wa Chizuru ikasikika sauti ya bakuli linawekwa mezani.

"Kesho nitaona," akasema. "Sasa hivi niko kwenye udon. Nimeagiza mbili, zimeshaletwa, na yako imeanza kuvimba."